Mzizi Usiotajwa Jina

Msambweni,
15 Septemba 1963

Shangazi Asiya,

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, maana nikilichelewesha nitalikimbia. Moyo wangu unaumwa. Si huzuni wala si mapenzi, usije ukacheka. Ni moyo wenyewe, huu wa nyama. Huenda mbio nimekaa kitako sifanyi lolote, kisha husita kidogo kama mtu aliyejikwaa, halafu huondoka tena kwa kishindo. Nikilalia ubavu wa kushoto nausikia mpaka kwenye mto.

Haya, nimelisema. Sasa shikamoo, Shangazi. Nisamehe kwa kutanguliza maradhi mbele ya salamu. Bibi angeniona angesema nimelelewa na mbuzi. Sisi huku hatujambo. Baba alikuja juzi kutoka Mkwiro na ng'onda, samaki wakavu, wa kutosha mwezi mzima, nyumba nzima inanuka. Mama na wadogo zangu wazima, yule kitinda mimba ameota meno naye huyajaribu kwenye bega la kila ambebaye. Bibi magego yanamsumbua lakini ulimi wake, alhamdulillahi, mzima kabisa.

Unakumbuka mwaka juzi nilivyovimba magoti, uvimbe ukawa unahama, leo goti, kesho kiwiko, kama mgeni asiyejua nyumba anayoitafuta? Hospitali walisema chanzo ni koo langu, yale mafindofindo yanayonirudia kila masika. Wanasema ugonjwa umejikalia ndani ya mwili, haujatoka, ndiyo maana kila mwezi nachomwa sindano mpaka nitakapokuwa mtu mzima. Hayo Bibi anayajua. Asilolijua ni la moyo, na mimi sitaki alijue. Mtihani wetu ni Novemba. Bibi husema msichana mgonjwa hasomi, hutunzwa. Nikimtajia moyo, kesho yake madaftari yangu yatafungiwa maandazi.

Shuleni nikipanda zile ngazi za kuingia darasani husimama katikati nikajifanya nafunga kiatu. Wenzangu wamekwisha kuniita Bibi Viatu.

Nakuandikia wewe kwa sababu uko mbali, na mtu wa mbali hanitazami usoni. Tena naandika kwa herufi za shule, za kushoto kwenda kulia. Bibi anazijua za Kiarabu za chuoni tu, hizi kwake ni nyayo za kuku. Hata hivyo kila nikisikia mitalawanda yake, vile viatu vya mti, ikigonga sakafu naichomeka karatasi chini ya mkeka.

Ndiyo hiyo inakuja.

Tumu


Mackinnon Road,
2 Oktoba 1963

Mwanangu Tumu, binti wa kaka yangu,

Marahaba, na usiniombe radhi. Salamu hazichachi zikichelewa. Huku kwetu jua ni lile lile, maji ni yale yale ya kuletwa na treni, na malori yanapita usiku na mchana mpaka vikombe vinatembea vyenyewe mezani. Mume wangu Iddi anakusalimu. Mbuzi wa jirani amemla nusu ya kofia yake ya kazi, naye ameivaa hivyo hivyo mpaka stesheni ili wakubwa wa reli waone kwamba anastahili mpya. Wakubwa wamecheka, kofia hawajampa.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Moyo unaojikwaa naujua. Usiniulize naujuaje.

Thoya, dereva wa lori anayeshuka mpaka Lunga Lunga, atakuletea kifurushi kilichofungwa kwa ukindu. Ndani yake mna mzizi. Nimekukwangulia vipande kwa kiasi chake, kila kimoja kimefungwa peke yake. Uloweke kimoja, maji yake uyanywe asubuhi, mabaki uyazike. Usizidishe.

Nayo dawa hii ina miiko yake. Jina lake halitajwi. Aliyenipa hakulitaja alipouchimba, akarudi njia nzima bila kumwitikia mtu salamu, nami sikuandikii. Dawa iliyotajwa jina huzimika. Pili, usishukuru, si kwangu wala kwa Thoya. Dawa ikisikia ahsante hujiona imemaliza kazi. Tatu, dawa ya moyo ya hospitali na hii hazikai tumbo moja. Ni kama wake wenza, Tumu. Ukiwaweka chumba kimoja watapigana, na nyumba itakayovunjika ni yako. Sindano ya magoti endelea nayo, hiyo ina kazi yake mbali.

Mama yangu, Bibi yako, usimwambie. Ataanza kuuliza nimeipata wapi, kwa nani, na mimi mtoto wa Kiislamu wa pwani huku bara naingiaje vichakani. Msomee habari za kofia.

Nakuombea mtihani.

Shangazi yako,
Asiya


Msambweni,
27 Oktoba 1963

Shangazi Asiya,

Shikamoo. Natumai wewe na Mjomba Iddi mko katika afya, na kofia imepatikana. Baba anakusalimu, anasema mbona humwandikii yeye ila mimi tu, au ameshakuwa kaka wa watu. Bibi amenunua kuku watatu na wote wamekuwa majogoo.

Kifurushi kilifika. Thoya alinikabidhi mbele ya duka, akasimama akingoja nimwambie ahsante kama watu wote wenye adabu. Nikamtazama. Akanitazama. Nikaona haya mpaka masikio yakawasha moto, lakini mdomo niliufunga. Akapanda lori lake akiwaambia wauza samaki kwa sauti kwamba siku hizi shule zinafundisha kila kitu isipokuwa utu. Sasa nikipita hapo wananiita mtoto wa Kizungu.

Na wewe sikushukuru. Umeona.

Maji yake ni machungu kuliko shubiri. Huyanywa nyuma ya nyumba kabla Bibi hajamaliza uradi wake wa alfajiri. Wiki ya kwanza sikuona kitu. Wiki hii moyo umetulia, Shangazi. Juzi nimepanda ngazi zote bila kufunga kiatu. Nilipofika juu nilitaka kushuka nipande tena, nikaona watanidhania nina wazimu.

La hospitali ni hili tu: nilikwenda Jumatatu kama kawaida yangu, wakanipima, wakanipa walichonipa.

Bibi alinitaka nimsomee barua yako. Nikamsomea jua, treni, vikombe, na kofia. Ile kofia nilimsomea kwa urefu, hata nikamzidishia mbuzi maneno. Akacheka mpaka akashika gego. Halafu akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaigeuza huku na huku, akaipima mistari kwa kidole.

"Barua ya Asiya ndefu," akasema. "Maneno yake mafupi."

Nilisema nakwenda kuwatilia kuku maji.

Mwanao,
Tumu


Mackinnon Road,
14 Novemba 1963

Mwanangu Tumu,

Barua yako imefika imelowa. Mvua imeanza kwa hasira, njia ya Taru imekatika, malori yamelala yamepangana kama ng'ombe, na mfuko wa posta ulikuwa ndani ya mojawapo. Usidhani nilinyamaza kwa kupenda.

Nimefurahi moyo umetulia. Kama jioni bado unajikwaa, ongeza kidogo, kipande na nusu, usizidi hapo. Nampa Thoya vingine wiki hii. Usimtazame sana safari hii, alinilalamikia.

Mwandiko umepinda kwa sababu naandika nimeegemea ukuta. Ni uchovu wa joto. Miguu nayo imevimba kidogo, viatu vya Iddi ndivyo vinavyonitosha, naye anasema sasa nimekuwa mfanyakazi wa reli kamili.

Mtihani mwema. Andika polepole, wewe una haraka ukiwa na hofu.

Asiya


Msambweni,
1 Desemba 1963

Shangazi,

Shikamoo. Mtihani umekwisha. Mama amekuja kutoka Mkwiro na kisha amerudi, mdogo wangu alikuwa na surua lakini imempitia vizuri. Mji wote hapa unapakwa chokaa kwa ajili ya Uhuru, hata minazi ya kando ya barabara imevishwa chokaa mpaka kiunoni. Kila mtu ana furaha. Mimi sina raha, nami nitakwambia kwa nini, ingawa nimeanza barua hii mara mbili na zote nimezitia jikoni kwenye moto.

Sili. Chakula kikiletwa roho inachafuka. Asubuhi hukimbilia nyuma ya nyumba nikatapika maji. Na macho yangu yamekuwa mageni. Wali ukipakuliwa nauona kama umetiwa bizari. Nilimwuliza Bibi kwa nini siku hizi anatia bizari kila siku, akaniangalia kwa muda mrefu, akasema hajatia.

Shuleni tumegawiwa vibendera vya karatasi vya kupungia. Tulikuwa kwenye mstari tukifanya mazoezi ya wimbo nikamwambia Rai, aliye mbele yangu, mbona wametia na manjano. Akasema manjano iko wapi. Nikamwonyesha ile mistari myembamba iliyo kati ya rangi na rangi.

"Nyeupe hiyo," akasema. "Kwani wewe umekunywa nini?"

Wote wakacheka. Mimi nikakikunja kibendera changu, kwa sababu kunywa nimekunywa kweli.

Lakini la Bibi ndilo linaloniua kwa aibu. Kutapika kule amekusikia. Siku hizi ananitazama tumbo, si usoni. Jana alifunga mlango wa ukumbini, akakaa mbele yangu, akasema taratibu, "Tumu, uniambie mimi kabla watu hawajaniambia."

Nikamwuliza nimwambie nini.

"Hilo ulijualo."

Wallahi, Shangazi, mimi ambaye nikipishana na mvulana njiani hutazama mchanga. Nilitaka kumwambia ni mzizi. Nilipofungua mdomo nilikumbuka mwiko, nikaufunga, na yeye akaona nimeufunga. Sasa amekwisha kuamini.

Bado kuna moja. Hospitali wananipa vidonge. Vya moyo, waliusikia wenyewe waliponipima. Tangu Agosti, vidogo vyeupe, kila asubuhi kimoja. Sikukwambia katika barua ya kwanza kwa haya, nilifikiri utasema basi unanitakia nini mimi. Kisha ukaandika habari za wake wenza, nikajua ungeniambia niache kimojawapo, nami sikujua kipi. Vidonge peke yake havikuwa vikinitosha, bado nilikuwa nafunga viatu. Nikawaza labda hawa wawili wakikaa pamoja watasaidiana, mbona kuna wake wenza wanaopikiana. Na kweli mwezi ule walipatana.

Sasa sijui. Naogopa kuacha mzizi, naogopa kuacha vidonge, naogopa kumwambia daktari, naogopa kutomwambia. Moyo haukimbii tena. Unakwenda kama mtu mzee anayehesabu hatua, na mara nyingine husimama nikangoja nione kama utaendelea.

Nijibu upesi.

Tumu


SIMU YA MAANDISHI
Mackinnon Road, 10 Desemba 1963

TUMU ACHA MZIZI LEO LEO. NENDA HOSPITALI UWAAMBIE VYOTE VIWILI. ASIYA


Msambweni, hospitali,
18 Desemba 1963

Shangazi,

Shikamoo. Baba, Mama na wadogo wazima. Bibi yuko hapa nje, ameketi barazani na kikapu chake.

Hukunijibu. Nimengoja mpaka nimechoka kuhesabu malori. Kama umenikasirikia kwa ajili ya vidonge, una haki.

Nilianguka siku moja kabla ya Uhuru. Wenzangu walikuwa wanapakiwa kwenye lori la kwenda Kwale, wanaimba, nami nimeinua mguu kupanda. Nakumbuka mkono wa Rai na vumbi. Nilipofumbua macho nilikuwa kitandani huku na watu wanakimbilia dirishani kutazama fataki. Kwa hiyo uhuru wenu mimi sikuuona. Niliusikia tu.

Muuguzi anayenihudumia anaitwa Sista Rispah, mtu wa bara, ana sauti ndogo. Alimwomba Bibi atoke kidogo, akanishika kifundo cha mkono akitazama saa yake, muda mrefu.

"Moyo wako unakwenda polepole mno," akasema. "Vidonge hivi kwa kiasi tulichokupa havifanyi hivi. Umekunywa kitu gani kingine?"

Nikasema mzizi.

"Mzizi wa nini?"

"Sijui."

Alidhani namficha. Hakunifokea, ingekuwa afadhali angenifokea. Alisema kwao pia wanachimba dawa, mama yake mwenyewe anazo chunguni, na zipo zinazosaidia. Lakini ipo mizizi inayofanya kazi ile ile ya vidonge vyangu, na mtu akichanganya ni kama kuvimeza mara mbili, mara tatu. Daktari amevisimamisha vidonge. Sasa wananipima asubuhi, mchana na jioni, wanangoja. Alisema wakilijua jina watajua wanapambana na nini na wangoje mpaka lini.

Kipande kilichobaki sinacho. Siku moja kabla sijaanguka nilipata hofu, jioni nikavitupa vipande chooni karibu vyote, kisha asubuhi nikaogopa nikanywa viwili vya mwisho kwa pamoja. Nakwambia kweli yote.

Kabla ya kutoka Sista Rispah alimwita Bibi, akamwambia mbele yangu kwamba mjukuu wake hana mimba, ana moyo. Bibi alikaa chini palepale sakafuni. Akavua mitalawanda yake, akaiweka kando, akasema alhamdulillahi, akalia. Kisha akainuka akanikasirikia. Aliniambia, kumbe sikuwa nalo nikamwacha alale na fedheha wiki mbili, na kumbe ninalo jingine kubwa zaidi nikamnyima. Tangu hapo huniletea uji kila siku, lakini hasemi nami. Hunikabidhi kikombe kama Thoya alivyonikabidhi kifurushi, naye hangoji ahsante.

Sasa moyo anaujua. Mzizi hajaujua. Wewe sijakutaja.

Shangazi, niandikie jina. Najua ni mwiko. Najua dawa iliyotajwa huzimika. Mimi nataka izimike.

Tumu


Mackinnon Road,
27 Desemba 1963

Tumu mwanangu,

Sikukukasirikia. Barua yako ya Desemba mosi nilipoisoma Iddi alikimbia stesheni na nusu ya kofia kichwani, akapiga simu ya maandishi siku ile ile, kwa jina la shule kama tunavyoandika barua zote. Halafu tukangoja. Kumbe shule zilifungwa kwa Uhuru, na simu yangu imelala mezani kwa mtu aliyekwenda kupungia bendera. Hilo nimelijua leo kwa barua yako. Siku zote hizi sikuwa nalala, na hii nampa Thoya aifikishe hospitali kwa mkono wake.

Jina lake ni msunguti.

Nimeliandika, na mkono haujaanguka.

Mwambie huyo muuguzi: ni msunguti, mti ambao watu wa huku huchemsha wakapaka kwenye ncha za mishale. Mnyama akipata mkwaruzo tu moyo wake husimama. Ukichukuliwa kidogo sana kwa mkono unaojua huutuliza moyo unaokwenda mbio. Kiasi nilichokupa kilikuwa kimoja asubuhi, baadaye kimoja na nusu, na mimi ndiye niliyekuruhusu hiyo nusu. Uliponiandikia wali wa bizari nilijua. Mimi mwenyewe kuna masika niliyoona taa ina pete ya manjano, nikapunguza, ikaondoka.

Mchimbaji ni Mzee Mwinga. Hana kosa, waandike hivyo kama wanaandika. Yeye aliniambia hampi mtu dawa hii kabla hajamshika mkono, akamsikia mshipa, akamwuliza anakula nini, anakunywa nini. Angekuuliza wewe, ungemwambia vidonge. Nilimwambia yangu imekwisha, akanipa, nikakumegea wewe. Nilidhani moyo ni moyo.

Kata karatasi hapa, Tumu. Nusu ya juu mpe muuguzi. Inayofuata ni yako peke yako.

Nimekuwa nikinywa mzizi huu mwaka wa tatu. Magoti yangu nami yalivimba nilipokuwa mtoto, Mama hakumbuki, alidhani ni kuruka kamba. Siku hizi hata mzizi hautoshi. Siwezi kulala chali, maji yananijaa kifuani, nalala nimekaa nimeuegemea ukuta. Iddi anadhani ni joto, nami namwachia adhani. Hospitali sijakwenda. Wakiniambia ninalo nitakuwa nalo.

Nitakwenda, nakuahidi, nikipata nguvu ya kutembea mpaka stesheni. Mama usimwambie. Keshamzika mtoto mmoja. Naomba unisitiri kama nilivyokusitiri.

Asiya


Msambweni,
11 Januari 1964

Shangazi Asiya,

Shikamoo. Nimerudi nyumbani. Wali ni mweupe. Nilipoketi kula siku ya kwanza niliitazama sahani nzima mpaka Bibi akauliza kama ninautafuta mchele wenye jina langu. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu siku ile.

Simu yako nimekabidhiwa Jumatatu, shule ilipofunguliwa. Mwalimu alinipa akasema pole, imekaa. Nimeisoma nimesimama kwenye ngazi, nimekwisha kupona, na bado nilikaa chini kuisoma tena.

Nusu ya juu nilimpa Sista Rispah. Aliisoma, akampelekea daktari, wakazungumza kwa Kiingereza wakidhani sielewi. Nilielewa. Walisema nimebahatika kuvitupa vile vingine. Baadaye wamenirudishia vidonge, kidogo kidogo, na sindano yangu ya kila mwezi iko pale pale. Kila ninachokinywa sasa wanakijua. Nimejifunza kulisema hilo kwa sauti, dirishani pa dawa, watu wote wakisikia. Mara ya kwanza niliona haya hadi machozi. Mara ya pili kidogo.

Kisha Sista Rispah akaniuliza, "Aliyeandika hii, bado anakunywa?"

Nikaikunja nusu yangu ya karatasi. Akasema, "Mwambie aje. Kama hapa ni mbali, aende iliyo karibu naye. Lakini asiende peke yake, na asingoje kupata nguvu. Ugonjwa huu hauleti nguvu kwanza."

Nusu ya chini naijua kwa moyo, na moyo wangu huu si wa kubebeshwa mengi. Usiku nakaa kitandani nikijaribu kulala kwa kuegemea ukuta, nione ulivyo. Shingo inauma. Nimejaribu siku moja tu. Wewe sijui ni siku ngapi.

Jana Bibi alinitaka nimsomee. Nikaanza: jua, treni, vikombe, mbuzi amekula kofia. Akaniacha nimalize.

"Mbuzi yule alikwisha kula kofia mwezi wa kumi," akasema. "Amerudi kula nini?"

Akaitazama karatasi iliyokatwa nusu, akasema, "Mwanangu anaumwa?"

Nikasema sijui. Akasema, "Unajua. Wewe ukijua jambo hufunga mdomo, na mimi mara ya kwanza nilikisia vibaya. Sitaki kukisia tena." Akainuka akaenda jikoni, nami nikasikia hapiki, amesimama tu.

Shangazi, ulinistahi, ukanisitiri, karibu nife ndani ya sitara. Si lawama. Mimi nilifanya vile vile, nilikificha kidonge nyuma ya mzizi na mzizi nyuma ya mwiko, na kila mtu aliyetaka kunisaidia alikuwa akishika upande mmoja tu wa kitu asichokiona. Wewe sasa umejificha nyuma ya joto na viatu vya Iddi.

Utaona barua hii nimeiandika kutoka kulia kwenda kushoto. Ni zile herufi za chuoni, ulizosoma wewe na kaka yako, na Bibi kabla yenu. Mwandiko wangu mbaya, sijazishika tangu nilipokhitimu. Lakini zinasomeka, nimejitahidi kuandika makubwa. Nimeyatia yote: msunguti, Mzee Mwinga, miaka mitatu, miguu, maji kifuani, ukuta. Ulinikataza nisimwambie Mama yako, nami sikumwambia. Nakuandikia wewe.

Lori la Thoya linapanda kesho asubuhi. Nimemwuliza kama lina nafasi ya mtu mmoja mbele, mtu mzima mwenye kikapu. Alisema ipo. Safari hii nikamshukuru, mara mbili, akaniangalia kama nina homa.

Mitalawanda imetoka jikoni. Imepita mtungi. Mkono wangu umekwenda kwenye ukingo wa mkeka wenyewe, kwa mazoea, nimeurudisha. Karatasi iko juu ya goti langu, wino bado mbichi. Moyo unakwenda mbio, Shangazi, lakini huu naujua, huu ni hofu tu.

Imesimama mlangoni. Nimejisogeza kumpisha pa kukaa.